Kabla Hujamlipia Mtoto Safari ya Kutunza Wanyama Utah

Kila mwaka ikifika Machi simu yangu haitulii. Ni akina mama wa hapa Phoenix, Arizona, wenzangu wa Mombasa na Lamu, na siku hizi familia nyingi zilizotoka Kongo. Wote wana swali moja: mtoto yuko darasa la sita au la saba, amekuja na karatasi ya safari ya likizo ya kiangazi, siku sita huko jimbo jirani la Utah, kutembea milimani na kuhudumia wanyama. Je, nimruhusu?

Nimekwenda na watoto safari hiyo mara tatu, nikiwa dereva na mlezi. Nawajibu hivi: mruhusu, lakini usilipe leo. Kwanza mpe wiki mbili za kazi moja isiyo na raha yoyote. Aoshe choo kila asubuhi, saa ile ile, bila kukumbushwa na bila kuahidiwa zawadi. Akiimudu, lipa. Ikimshinda kufikia siku ya nne, mngoje mwaka mmoja. Hatakosa kitu, na wala si aibu.

Nasema hivi kwa sababu karatasi zile zina picha ya mtoto amemkumbatia farasi, hali kazi yenyewe ni reki na toroli. Makundi mengi ya kutoka huku hufikia Kanab, mji mdogo kusini mwa Utah, kwenye makazi ya wanyama ya Best Friends yaliyoanzishwa mwaka 1984 ndani ya korongo liitwalo Angel Canyon. Wanyama wanaoishi pale hufika 1,600 kwa wakati mmoja: mbwa, paka, farasi, sungura, kasuku, nguruwe. Wengi walitupwa au walitendewa vibaya, na pale hauawi mnyama kwa sababu ya kukosa nafasi. Sasa piga hesabu ya wanyama hao wote, kila mmoja anakula, kila mmoja anachafua. Mtoto wako atazoa samadi, ataosha mabakuli, atakunja mataulo, na huenda akamgusa farasi kwa dakika kumi tu kwa siku.

Dakika hizo kumi nazo zina adabu zake, afadhali azijue kabla hajaondoka nyumbani. Farasi humwendei kwa nyuma, kwa kuwa nyuma yake kabisa haoni, na teke lake huvunja mfupa. Unamjia ubavuni, usawa wa bega, ukisema naye polepole ajue ulipo. Akilaza masikio nyuma, simama. Chakula unampa juu ya kiganja kilichonyooka, vidole vimebanwa pamoja. Sungura humnyanyui ovyo hata akionekana mpole kama mtoto mchanga: akishtuka na kurusha miguu anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Unakaa chini sakafuni, akitaka atakuja.

Huko kukaa sakafuni ndiko kunakowashinda watoto wetu kuliko kupanda mlima wowote. Safari ya pili tulikuwa na kijana wa miaka kumi na miwili, familia yake ilipitia kambi ya wakimbizi kabla ya kufika Arizona. Hasemi sana, na mbwa wanamtisha. Alipangiwa chumba cha paka waoga. Mfanyakazi akamwambia kazi yake ni kukaa tu na kusoma kwa sauti ya chini, ili paka wazoee sauti ya binadamu isiyowadhuru. Hakutaka kusoma Kiingereza. Akaniuliza, "Anti, naweza kuwahadithia?" Nikamwambia waulize wao. Akaanza hadithi ya sungura na fisi, kwa Kiswahili cha kwao Kivu, macho ameyaelekeza ukutani kama alivyofundishwa, maana paka mwoga akikaziwa macho huona anawindwa. Kwenye rafu ya juu kabisa palikuwa na paka mweusi, sikio moja limekatika ncha. Nilikuwa nje, nachungulia kupitia kioo. Baada ya kama dakika ishirini akashuka rafu ya pili. Akakaa hapo. Hadithi ikaisha, kijana akaanza nyingine. Paka akashuka rafu ya tatu, akakunja mikono chini ya kifua, akafumba macho. Hakushuka tena siku ile, na kijana hakunyoosha mkono kumgusa. Alipotoka alikuwa na miguu iliyokufa ganzi na uso ambao sikuwa nimeuona kwake kabla.

Suala la mbwa nalo lisemwe wazi, kwa sababu wazazi wengi huniuliza kwa kunong'ona. Sisi Waislamu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi tunafahamu hukumu ya mate ya mbwa: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo halimzuii mtoto kwenda. Kumpa mbwa maji, kumwekea kivuli, kumwondolea dhiki ni thawabu, na mbwa mkavu akipita kwenye nguo kavu hapana najisi iliyohama. Mimi binti yangu nilimwombea farasi na sungura, nikamfungia nguo za kazi kwenye mfuko wake peke yake. Waandaaji hawakuona tabu hata kidogo, kwa sababu niliwaambia siku ya kujiandikisha. Tabu huja mtoto anapofika pale, amepangiwa mbwa au nguruwe, kisha anaanza kulia mbele ya wenzake naye hajui kujieleza. Andika kwenye fomu. Chakula halali pia andika. Pumu na mzio wa nyasi kavu andika kwa herufi kubwa, maana banda la farasi lina vumbi jingi. Uliza pia umri unaokubaliwa, kwa kuwa hutofautiana banda kwa banda, na watoto hawaachwi bila mtu mzima.

Sasa upande wa milima. Hapa sina mzaha.

Kanab iko karibu na hifadhi ya Zion, na karibu kila kundi hupeleka watoto huko siku moja au mbili. Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwisho wa Julai. Siku hizi nikiulizwa nasema Juni mapema, na mzazi akiambiwa katikati ya Julai au Agosti aulize maswali magumu. Kuanzia katikati ya Julai huanza mvua za radi za alasiri. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi kutoka mlipo, juu yenu mbingu ni buluu, na maji yakaja ghafla ndani ya korongo jembamba lisilo na pa kukimbilia. Septemba 14, 2015, watu saba walikufa hivyo katika korongo la Keyhole ndani ya Zion, na walikuwa watu wazima. Muulize kiongozi wa safari: je, mnasoma tahadhari ya mafuriko ya siku ile kabla ya kuingia mtoni? Ikiwa mbaya mna mpango gani mwingine? Asiyekuwa na jibu la pili, mwache aende peke yake.

Mto Virgin wenyewe, unaopita ndani ya Zion, hata ukiwa mtulivu, usinywewe wala mtoto asizamishe kichwa. Tangu mwaka 2020, baada ya mbwa mmoja kufa, hifadhi imekuwa ikionya kuhusu sumu ya vijidudu vinavyoota kwenye mawe na maji ya mto huo. Kichujio cha maji hakiiondoi. Maji yachukuliwe kwenye mabomba ya hifadhi, na yawe mengi. Watoto wetu waliozaliwa kwenye viyoyozi hawajui kiu mpaka kichwa kianze kugonga. Mimi huwapigia mluzi kila nusu saa: wote wanasimama, wote wanakunywa, kisha karanga zenye chumvi. Binti yangu aliona haya mluzi ule siku ya kwanza. Siku ya tatu ndiye alikuwa anaupuliza.

Viatu viwe vimevaliwa mwezi mzima. Viatu vipya vya bei kubwa vilimtoa mtoto mmoja malengelenge kisigino, siku nne zilizobaki alishinda kwenye gari.

Na saa. Hili limetugharimu. Arizona hatusogezi saa mbele wakati wa kiangazi. Utah wanasogeza. Nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, ambayo barabara ya 89 inapita kabla hujafika mji wa Page, nao wanasogeza, halafu Page penyewe saa inarudi. Safari moja tulilala upande wa Arizona, kilomita chache tu kutoka Kanab, simu zote zikaonyesha saa ya Arizona. Miadi yetu kwa farasi ilikuwa saa mbili asubuhi. Tulifika saa mbili kamili kwa saa zetu, kumbe kwao ni saa tatu, na farasi walikwisha kulishwa. Watoto kumi na mmoja waliokuwa wameamka alfajiri walisimama kwenye uzio wakitazama ndoo tupu. Kosa lilikuwa langu, niliwaomba radhi mmoja mmoja. Tangu hapo navaa saa ya mkononi isiyojibadilisha, nimeitia muda wa Utah tangu ninapotoka nyumbani.

Kuhusu pesa, usione haya kuuliza kama kuna msaada wa ada. Mara nyingi upo, ila huisha Aprili.

Yule kijana wa hadithi sasa yuko darasa la nane. Mwaka huu fomu ameijaza mwenyewe, mama yake kaweka sahihi tu. Panapoulizwa anachokiogopa ameandika: mbwa wakubwa. Panapoulizwa kazi anayopenda ameandika: paka, chumba kile kile.