Ukiombwa kumzungumzia mchezaji mliyekuwa mkicheza naye pool

Mchezaji mashuhuri anapofariki, aghalabu wanaoitwa kumzungumzia ni viongozi wa chama na waandishi wa habari, ilhali waliokaa naye saa nyingi ni wenzake wa kwenye meza ya pool, waliomwona akishinda, akishindwa na akisubiri zamu kama mteja mwingine yeyote. Niliwahi kuombwa kusema maneno machache katika arobaini ya mwanasoka wa ligi kuu aliyekuwa mteja wa kudumu pale tunapochezea, na ushauri huu umetokana na kazi hiyo.

Kabla ya kuandika chochote, waendee waliokuwa wakimtazama bila yeye kujali kutazamwa. Mabao yake yote yalikwisha kuandikwa magazetini, lakini ni kijana anayepanga mipira aliyenieleza kwamba marehemu, hata jioni aliyotoka uwanjani akishangiliwa, aliweka sarafu yake ya kushika zamu ukingoni mwa meza nyuma ya sarafu za wengine na kukataa katakata kupishwa. Nilipoyasema hayo mbele ya familia, mama yake aliomba niyarudie.

La pili ni gumu zaidi: usimgeuze marehemu kuwa malaika. Nilipokuwa nikijiandaa nilisoma sana habari za Alex Higgins wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliyejifunza snuka, mchezo wa mezani unaofanana na pool, tangu utotoni katika klabu ya Jampot mjini kwao, akawa bingwa wa dunia mwaka 1972 akiwa na miaka 22, kisha tena mwaka 1982, alipomshinda Ray Reardon kwa 18–15 na kulia hadharani huku akimwita mkewe amletee binti yao mchanga. Mtu huyohuyo alikuwa mlevi na mgomvi. Mwaka 1986 alimpiga ofisa wa mashindano kwa kichwa chake, kosa lililomgharimu faini ya pauni 12,000 na kufungiwa mashindano matano. Hata hivyo, siku ya mazishi yake, Agosti 2010, watu walijaa katika barabara za Belfast kuliaga jeneza lake lililovutwa na farasi, na kwa maoni yangu hawakuja kwa sababu walikuwa wamesahau ugomvi wake. Walimpenda wakiujua. Kwa hiyo, kama mwenzenu alikuwa na hasira au madeni, hakuna haja ya kuyataja yote msibani, lakini usiseme kinyume chake, kwa maana waliopo wanajua, na ukidanganya katika hilo hawatakuamini hata utakapoeleza wema wake.

Habari za Higgins zina jambo jingine linaloniumiza kila ninapolikumbuka. Saratani ya koo na matibabu yake vilimwacha bila meno, akashindwa kula vizuri na kukonda mno. Mwaka 2010 marafiki walifanya harambee mjini Manchester ili awekewe meno mapya, lakini tarehe 24 Julai mwaka huohuo alikutwa amefariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 61. Ninawasihi wote wanaocheza na mwanamichezo aliyestaafu: akianza kukosa kuonekana, nendeni mkamjulie hali wiki hiyohiyo, wala msingoje taarifa ya hospitali, kwa sababu mtu aliyezoea kushangiliwa huona aibu kubwa kuomba nauli au dawa.

Na mkitaka kuandaa bonanza la pool kwa jina lake, jambo ambalo ni jema sana, ombeni kwanza ridhaa ya mjane au wazazi, hasa kama picha yake itabandikwa ukumbini au mdhamini wa pombe atahusika. Kubalianeni mapema pia fedha zitakazopatikana zinakwenda kwa nani, kisha zikabidhiwe mbele ya wachezaji wote, siku hiyohiyo, kabla ya watu kutawanyika.