Umeshuka Katahdin, sasa je?

Wiki hii nimepata ujumbe wa kijana wetu aliyeko Marekani. Ameitembea Appalachian Trail, njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, yote kwa mkupuo mmoja, kutoka mlima Springer kule Georgia hadi kilele cha Katahdin huko Maine: majimbo 14, zaidi ya kilomita 3,500. Hongera zake nyingi, maana wengi wanaoianza hawafiki. Lakini anauliza: mbona nyayo zinaniuma sasa kuliko nilipokuwa njiani, mbona nakula sishibi, na mbona nakaa chumbani sitaki kuona mtu?

Yote matatu yana chanzo kimoja. Umesimama ghafla mno. Mwili uliozoeshwa kutembea kutwa kwa miezi mitano au sita haujui kwamba umefika. Wiki sita za kwanza nyumbani zihesabu kuwa kipande cha mwisho cha njia, uzipangie kama ulivyoipangia Maine.

Tuanze na nyayo. Ule utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole umevutwa mchana kutwa kwa miezi. Ukilala unakaza, na hatua ya kwanza asubuhi ni kama kukanyaga msumari. Ukitembea dakika kumi maumivu yanapungua, ndiyo maana watu huyapuuza mpaka yanakuwa sugu. Acha kukanyaga vigae peku. Weka kandambili zenye soli nene kando ya kitanda, uzivae kabla hujasimama. Ukiwa bado kitandani, pitisha taulo chini ya vidole uvute kuelekea kwako kwa sekunde 30, mara tatu kila mguu. Jioni gandisha chupa ya maji, uiviringishe chini ya unyayo kwa dakika 5 hadi 10.

Hayo ni ya kutuliza tu. Kinachoujenga upya mguu ni zoezi la ngazi, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Simama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, kisigino kikining'inia, na taulo lililokunjwa liwe chini ya vidole ili viinuke. Panda polepole kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya mara 12, raundi tatu. Matokeo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano.

Usiache kutembea kabisa. Wiki mbili za mwanzo tembea kilomita 5 hadi 8 kwa siku, pasipo mzigo, mahali tambarare. Kesho yake ukiamka na maumivu zaidi, punguza nusu. Ganzi ya vidole kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Viatu vya zamani vikikubana, usishangae: miguu ya wengi hupanuka nusu saizi au saizi nzima, na mara nyingi hairudi. Pima upya, tena jioni.

Kuna maumivu mengine yasiyotokana na kutembea, na hapa nakusihi uwe makini. Njia hiyo inapita Pennsylvania, New York, Connecticut na Massachusetts, maeneo ya kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Kupe mchanga ni mdogo kiasi kwamba unaweza usimwone kabisa. Wekundu unaotanuka kwenye ngozi hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, na si kila mtu huupata. Uchovu wa safari huchosha magoti yote mawili na hupungua ukipumzika. Goti moja likivimba, au ukipata homa, au upande mmoja wa uso ukilegea, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Mwambie wazi ulikuwa wapi, maana asipojua hatafikiria kupe.

Chakula. Njiani ulikuwa unachoma kalori 4,000 hadi 6,000 kwa siku. Ukiwa mtu wa kukaa ofisini, 2,500 ni nyingi. Njaa haisikii hesabu hiyo, itabaki na wewe wiki kadhaa. Ukijinyima kwa pupa utajikuta mbele ya friji usiku wa manane. Kula milo mitatu ya kushiba, ila badili mpangilio: mboga nusu ya sahani, kisha samaki, mayai au maharage, ugali au wali uwe wa mwisho. Chokoleti, tambi za haraka na siagi ya karanga ya kula kwa kijiko zisiingie nyumbani kwa sasa. Mikono na mabega yamekonda kuliko unavyodhani, basi piga pushapu na kuinua vitu vizito mara mbili kwa wiki.

Huzuni nayo ina sababu. Kila asubuhi kazi ilikuwa moja: kufuata zile alama nyeupe za rangi kwenye miti, sentimita 5 kwa 15. Ulikuwa na jua, jasho, wenzako, na saa tatu usiku usingizi. Vyote vimekatika siku moja. Ndugu watakusikiliza siku mbili, halafu watauliza unaanza lini kazi, hawana ubaya. Wapigie wenzako wa njiani, siku maalumu kila wiki. Kitanda kikikukataa, tandika mkeka chini na ufungue dirisha. Njia hiyo inatunzwa na vilabu vya kujitolea takriban 30. Jiunge nao kufyeka na kuchimba mifereji ya kutoa maji. Lakini kiza kikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili, muone daktari. Ukianza kuwaza kujidhuru, piga 988, simu ya msaada wa dharura, papo hapo. Ukiwa Marekani inapokelewa saa zote.

Vifaa kwa haraka: kausha hema kabisa kabla ya kulikunja, fuko la kulalia la manyoya litundike bila kulibana, na chujio la maji lisigande hata mara moja, kwani nyuzi zake hupasuka bila wewe kuona.

Na wewe unayepanga kuanza mwakani, tenga kodi ya nyumba na chakula cha miezi miwili ya kurudi, kwenye akaunti ambayo kadi yako ya njiani haiifikii.