Namaliza PhD, niende Ujerumani au nikimbie?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Florence kwenye ile taasisi ya chuo kikuu cha Ulaya (EUI), nakaribia kumaliza PhD, tasnifu yangu ni kuhusu Benki Kuu ya Ulaya na bajeti za nchi wanachama tangu mgogoro wa madeni wa 2010. Nimepata postdoc (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) ya miaka 3 Köln. Wenzangu wananitisha eti Ujerumani ni kaburi la wasomi. Nifanyeje?
Mtafiti wa Florence

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hao wenzako wamechoka tu ila hawajakosea sana. Köln kwenyewe hakuna ubaya, ipo taasisi ya Max Planck inayotafiti jamii na kwa watu wa uchumi wa kisiasa hilo jina linafungua milango. Tatizo ni sheria yao ya mikataba ya watafiti ya 2007, baada ya udaktari unapewa kama miaka 6 ya mikataba ya muda, ukiwa na mtoto unaongezewa 2, ikiisha hujawa profesa chuo hakiwezi kukupa tena mkataba wa hivyo, labda ulipwe na hela ya mradi, ndo maana utakuta mtu mzima na mvi zake anaishi mradi hadi mradi. Halafu wizara yao ya utafiti ikatoa video ya katuni, dada mmoja Hanna, inaeleza kwamba watu wasipoondoka mfumo utaziba! 2021 watafiti wakajaa Twitter na #IchBinHanna, yaani "mimi ndio Hanna", video ikaondolewa, sheria ikabaki.

Mimi ningeenda. Ila kabla hujasaini waulize mkataba wako umekaa kwenye kifungu gani, cha ile miaka 6 au cha mradi, na wakujibu kwa maandishi.

Jingine ambalo watu wanalisahau ni Marie Curie, ule ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti. Ile postdoc inataka usiwe umeishi nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dedilaini, kwa hiyo ukishakaa Köln miaka 3, Ujerumani basi, utaombea Uholanzi au Ufaransa au hata Uingereza, maana tangu 2024 wamerudi kwenye Horizon, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti. Na Uingereza ukipata ulekchara, ukivuka majaribio unakuwa wa kudumu, japo kufundisha na kusahihisha kutakumaliza.

Sasa tasnifu. Usikae nayo kabatini ukisubiri iwe kitabu, kama una sura yenye mahojiano ya Frankfurt, makao ya hiyo Benki Kuu, ichomoe uipeleke jarida kubwa mwaka huu huu, kwa sababu mapitio yanaweza kula mwaka mzima, na ukija kuomba hela ya ERC (Baraza la Utafiti la Ulaya) ya wanaoanza (inafika euro milioni 1.5) watataka kuona makala uliyoandika bila jina la profesa wako pembeni. Na Kijerumani anza sasa, vikao vingi vya idara kule haviendi kwa Kiingereza.