Goti la bodaboda, shika pulsi kwanza ndo uangalie eksirei

Wadogo zangu mnaoanza intani hapa Dodoma, wiki hii tena nimekuta faili la kijana wa bodaboda limeandikwa "mguu uko sawa", pulsi (mapigo ya mshipa wa damu) hakuna aliyeandika. Kila kundi jipya hivyohivyo. Nawapenda ila mnanichosha.

1. Damu inaruka kwa midundo, uvimbe unakua huku unauangalia, mguu wa baridi na pulsi hakuna: huyo ni wa thieta (chumba cha upasuaji), usianze kumzungusha kwenye vipimo.

2. Goti. Likiteguka mara nyingi linarudi lenyewe njiani, mgonjwa anafika eksirei safi kabisa. Nikiwa intani, hospitali siitaji, alikuja kijana kaanguka na pikipiki barabara ya Singida, goti limevimba, hakuna mfupa uliovunjika. Nikagusa mguu harakaharaka, vidole vina joto kidogo, nikaandika pulsi ipo, nikafunga slabu (plasta ya upande mmoja). Ule ujoto ulikuwa wa vimishipa vya pembeni tu, ateri ya nyuma ya goti ilishachanika kwa ndani na kuziba. Usiku akalia maumivu nikamuongezea dawa, akalia tena nikaongeza tena, slabu sikuifungua hata mara moja. Asubuhi kwenye raundi bosi akanyoosha kidole gumba cha mguu, kijana akapiga kelele wadi nzima ikageuka. Yale masaa 6 ya kuokoa misuli isiyopata damu yalishapita zamani. Thieta wakakuta misuli imekufa, mguu ukakatwa juu ya goti. Mama yake akaniuliza kama tungewahi ingekuwaje, nikamwambia ukweli, kwamba huenda mguu ungepona.

3. Kwa hiyo kila goti shika pulsi ya juu ya unyayo na ya nyuma ya kifundo, linganisha na mguu wa pili, kisha presha ya kifundo gawa kwa ya mkono. Chini ya 0.9, CT ya mishipa. Na pulsi ikiwepo usitulie, misuli iliyobanwa na presha ya ndani inakufa huku pulsi inadunda, maumivu yakizidi jeraha lenyewe muite mkubwa.

4. Usichomeke forsepu (koleo la kubana mshipa) kwenye dimbwi la damu kwa kubahatisha, kandamiza kwa shashi. Mkanda wa kuzuia damu ukikazwa andika saa. Tranexamic, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ndani ya masaa 3 toka alipoumia.

5. Rufaa za Mpwapwa na Kongwa, ongea na daktari wa kule kabla gari halijaondoka. Masaa yanahesabiwa toka alipoanguka, siyo toka alipofika mlangoni kwako, kwa hiyo muulize aliyemleta ajali ilitokea saa ngapi na uiandike.