Kamelia ya sebuleni inadondosha matumba

Pole dada wa Nyegezi uliyeuliza kwa nini kamelia yako, ule mti mdogo wa maua ulio kwenye chungu nyuma ya friji, inaharibika. Matumba kudondoka kabla ya kuchanua, majani kuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani: yangu ilinifanyia hivyohivyo nikiwa Kirumba.

Kwanza, hayo majivu ya jikoni unayoiwekea, acha leo. Kamelia ni ndugu wa mchai, huu huu unaolimwa kule Bukoba. Inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) 5.5 hadi 6.5 hivi, majivu na chokaa vinaondoa asidi, mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma, ndiyo manjano hayo. Ihamishie kwenye mboji ya majani iliyooza vizuri, chungu kiwe na matundu chini. Usizike shina.

Maji, kinga ya mvua. Chomeka kidole hadi kifundo cha kwanza, pakikauka, mwagilia. Yangu niliiacha siku nne nikaenda Ukerewe kwenye msiba, nikakuta matumba yote sakafuni. Na kuizamisha nako kunaozesha mizizi.

Iondoe nyuma ya friji. Iweke barazani ipate jua la asubuhi na upepo wa ziwa, ikishika matumba usiihamishehamishe. Ila nikuambie ukweli, inapenda usiku wa baridi kuliko wa Mwanza, kwa hiyo maua yatakuwa machache.

Mbolea ya dukani subiri majani mapya, tena kidogo sana, inaunguza. Ukiona vigamba vya kahawia chini ya majani, hao ni wadudu, futa kwa maji ya sabuni; visipoisha, mwonyeshe bwana shamba tawi kabla hujanunua sumu ya kupuliza ndani ya nyumba yenye watoto.