Kabla hujachora sura ya mtu kwa echingi, mtazame kwanza Cézanne wa Pissarro

Vijana wanaoanza kuchora sura huwa wananiuliza waanze na nani, na mi jibu langu ni lilelile, anza na mtu unayemjua, mshakula naye mkabishana naye. Halafu kabla hujashika sindano tafuta mtandaoni echingi (picha unayoichora kwa sindano kwenye sahani ya madini, asidi ikaila mistari, halafu ukaichapa kwenye karatasi) ya mchoraji wa Ufaransa Camille Pissarro, ya 1874, inayomwonyesha rafiki yake na mchoraji mwenzake Paul Cézanne, ikuze kwenye simu mpaka uone mstari mmojammoja.

Cézanne kavaa kofia na koti zito, ndevu zimejiachia tu, hajapambwa hata kidogo. Ndo naipendea hapo. Wengi Paris walikuwa wanamwona Cézanne mtu mgumu, mkali, hata kuchora hajui, ila Pissarro aliyekuwa anaishi Pontoise, mji ulio karibu na Paris, alikuwa anatoka naye kwenda kuchora mashambani, na 1874 hiyohiyo Waimpreshonisti, kundi la wachoraji alilokuwemo Pissarro, walipofanya maonyesho yao ya kwanza ni yeye aliyemtetea mwenzake awemo. Ukishalijua hilo irudie tena ile picha, unaona kabisa aliyechora anamheshimu aliyekaa mbele yake.

Na usidhani alikuwa kwenye raha. Vita ya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia (dola ya Wajerumani) ilimkimbiza mpaka London na huku nyuma askari wa Prussia wakaikalia nyumba yake ya Louveciennes, kazi zake nyingi sana zikapotea, halafu Aprili 1874 akamzika binti yake Jeanne, bado mtoto mdogo. Hela yenyewe ya shida. Lakini kwenye maonyesho yote 8 ya kundi lile, kuanzia 1874 mpaka 1886, ni yeye peke yake hakukosa hata moja.

Sasa wale mnaosema mnasubiri kwanza mnunue mashine ya kuchapia, jamani, Pissarro alianza echingi miaka ya 1860 na mashine yake mwenyewe kaipata 1894! Katikati hapo alitegemea za watu, rafiki yake daktari Gachet kule Auvers, kijiji cha jirani na Pontoise, alikuwa nayo, na mchoraji mwenzake Degas naye alimchapia baadhi ya kazi. Kwa hiyo tafuta mwenye mashine, muombe, msaidie kazi zake.

Mi natumia sahani ya zinki manake shaba bei yake iko juu. Unaipaka nta, unachora kwa sindano ili zinki ionekane, unaitumbukiza kwenye asidi ile mistari iliwe, kisha unasafisha, unapaka wino, unafuta juu wino ubaki kwenye mistari tu, unaweka karatasi iliyolowana kidogo, unapitisha kwenye mashine. Vaa glavu na ufungue madirisha yote, asidi haina mchezo na mapafu. Kumbuka pia picha itatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto, so sura ya rafiki yako itazame kwenye kioo wakati unachora.

Ukishachapa karatasi ya kwanza usikimbilie kuchapa nyingi, rudi kwenye sahani uongeze mistari uchape tena. Pissarro alikuwa anachapa chache mno na kila hatua anaiandikia namba yake kwa mkono, na 1880 alizionyesha hatua kadhaa za picha moja kwa pamoja watu wazione. Penseli inatosha, andika pembeni ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya kwanza usiitupe hata kama mistari yake imetoka hafifu.