Ukinunua Jeep ya vita, usitupe hata nati

Kilo kumi na nne za bolti na nati kuukuu nilizipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu pale Igoma, Mwanza, ndani ya kiroba cha sukari. Akapima, akanipa hela ya chai, nikarudi gereji najiona mjanja: gari langu lingefungwa bolti mpya zinazong'aa. Mwezi mmoja baadaye mwenzangu wa Nairobi anayefufua magari haya akaona picha zangu, akauliza swali moja tu: "Bolti zako zina herufi F kichwani?" Nilishika tochi nikaingia chini ya benchi. Nikaipata moja, imezama kwenye vumbi la msasa. Nikaipiga brashi ya waya. F hiyo hapo.

Kwa mnaoanza, kisa chake ni hiki. Jeep ya Vita Kuu ya Pili ilitengenezwa Marekani kati ya 1941 na 1945 na viwanda viwili: Willys, aliyeiita MB, na Ford, aliyeiita GPW. Kwa jumla zilitoka karibu 640,000. Ni mapacha, spea zinaingiliana. Ila Ford alipiga F yake kwenye vipande vingi sana, hadi vichwa vya bolti, na leo gari la Ford lenye bolti zake lenyewe halilingani na lililofungwa za dukani. Mimi niliuza kitambulisho cha gari langu kwa kilo.

Basi kabla ya kutoa hela, inama mbele ya rejeta utazame chuma kinachounganisha mbavu mbili za chesesi. Kikiwa bomba la duara, chesesi ni ya Willys. Kikiwa bati nene lililokunjwa, ni ya Ford. Namba ya Willys iko kwenye kibao kidogo kilichopigwa ribiti upande wa ndani wa ubavu wa kushoto, nyuma ya bampa. Ya Ford imegongwa juu ya ubavu huohuo, karibu na injini inapokaa. Safisha kwa mafuta ya taa na kitambaa. Usitumie grainda! Nimeona mtu akisaga namba yake mwenyewe huku akisema anaitafuta. Kisha linganisha na kadi ya gari. Zikipishana, rudi nyumbani na hela yako, hata kama muuzaji ni shemeji.

Hadithi za muuzaji zisikilize, lakini zipime. Langu nililikuta nyuma ya ghala la pamba huko Magu, kuku wametaga kwenye siti, na kila mtu aliniapia kwamba ni gari la Mjerumani. Mjerumani alifukuzwa Mwanza Julai 1916, robo karne kabla Jeep ya kwanza haijatoka kiwandani. Huku kwetu kitu chochote kikizeeka kinakuwa cha Mjerumani.

Ukishalifikisha gereji, mkono utawasha kufungua kila kitu siku hiyohiyo. Vumilia. Piga picha kila kona, halafu fungua sehemu moja moja, na kila sehemu iwe na kopo lake la maziwa ya unga lenye maandishi ya rangi: "taa kushoto", "springi nyuma kulia". Karatasi usitegemee, panya na grisi vitaimaliza. Kazi hii inachukua miaka, na kichwa chako hakitakumbuka waya ule ulitoka wapi. Majirani zangu Nyakato walishachoka kungoja, siku hizi wananiita mtumbua jipu.

Kutu ndiyo kazi yenyewe. Fundi wa kunyoosha bodi atakwambia akwangue, apake puti, apige rangi. Mkatalie. Puti juu ya kutu inaficha ugonjwa tu, mvua za masika zikipita mara mbili inabanduka kama ganda la yai. Mimi natumia molasi, ile ya kulishia ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kwenye pipa la plastiki, vyuma vizame kabisa. Wiki mbili baadaye unavitoa, unaviosha kwa maji ya presha, na kutu inaondoka kama uji, chuma kinabaki na alama zake zote, F ikiwemo. Msasa wa mashine ungezila. Harufu yake usiulize, na nzi watakuja na ukoo wao. Vitu vya aluminiamu na kabureta usivitumbukize, vitaliwa.

Tangi la petroli linakaa chini ya siti ya dereva. Likiwa linavuja, asije mchomeleaji yeyote akaligusa kwa moto eti kwa sababu ni tupu; tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Umeme wake ni volti 6, kwa hiyo ukifunga betri ya kawaida ya volti 12 utaunguza balbu na geji. Breki zake zote nne zinategemea njia moja ya mafuta, bomba moja likipasuka umebaki na breki ya mkono na sala. Jaribio la kwanza lifanyie uwanja tambarare, kilima cha Bugando kitakungoja. Na usiende kuliosha ziwani. Maji yakiingia kwenye difu, oili inageuka maziwa, na grisi yako wengine wanaikuta kwenye ndoo za kunywa.

Kuhusu vikorokoro vya vita, madumu ya chuma ya lita 20 na masanduku matupu ya mbao hayana shida. Magwanda ya jeshi achana nayo kabisa. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye nayo kuyasalimisha. Rangi ya kijeshi ya gari ulizia polisi kabla ya kununua kopo. Na chochote kinachofanana na bomu au risasi usikiguse, hata kama muuza chuma anakigonga kwa nyundo mbele yako. Ngara, Novemba 2017, bomu la kuokotwa liliua wanafunzi.

Medali ni jambo jingine. Wazee wetu waliopigana Burma wakiwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walirudi na nyota za shaba zisizoandikwa jina, hivyo bila maneno ya familia huwezi kujua ilikuwa ya nani. Ukionyeshwa, usiombe kuinunua wala usiisugue ing'ae. Omba kiti, andika jina na kijiji.

Ile bolti ya F nimeifunga kwenye bampa ya mbele, upande wa kulia. Nimeshapata nyingine saba, na yule wa mzani wa Igoma siku hizi ananipigia simu kabla hajapakia lori.